Kocha Aliyetufundisha Kupiga Kichwa

Makambako nzima ilimwita Kocha. Mkewe alimwita hivyo, na mchungaji pia, hata kwenye matangazo ya ibada ambapo wazee wengine wote walitajwa kwa majina yao. Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini, na jina lake kamili nililiandika kwa mara ya kwanza siku niliyomjazia fomu ya utafiti. Hapa sitaliandika. Nikisema Kocha peke yake, bila kutaja timu, huwa namaanisha yeye, na wenzangu niliocheza nao hawahitaji maelezo zaidi.

Alikuwa mrefu, shingo nene, mwendo wa taratibu. Katikati ya paji la uso alikuwa na ngozi ngumu kidogo, nyeusi kuliko sehemu nyingine, na sisi watoto tuliamini kabisa kwamba ni mpira ulioiweka pale. Mwenyewe hakukataa wala hakukubali. Ukimuuliza aliinama, akakupa paji uliguse, halafu akakwambia ukimbie raundi mbili kwa sababu umechelewesha mazoezi.

Kazi yake ilikuwa ya reli. Kila asubuhi alitembea juu ya mataruma na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga chuma na kusikiliza. Alisema reli nzima ina sauti yake na iliyopata ufa ina sauti yake, na mtu akizoea hawezi kukosea. Saa kumi alasiri alikuwa uwanjani nyuma ya shule ya msingi, bado amevaa koti la kazi, na juu ya koti sweta la sufu ambalo mkewe alimfumia. Watu wengine huvaa sweta ndani ya koti. Yeye alilivaa juu, na hakuna aliyewahi kujua sababu. Upepo wa Makambako unajulikana. Sisi tulikuwa tunatetemeka, na yeye anatuambia mchezaji anayesikia baridi ni yule ambaye hajaanza kucheza.

Alikuwa mkali kwenye muda, na hakuna siku aliyowahi kufika kwa wakati. Kutoka kituoni hadi uwanjani ni mwendo wa dakika kumi, lakini alisimama kumsalimu kila mtu. Alianza na "kamwene" ya Kibena, akauliza habari za mahindi, za mgonjwa, za ng'ombe, za mtoto aliyeko shule ya bweni. Tulimwona kwa mbali amesimama mbele ya duka la mbegu huku sisi tumeshapasha miili moto mara mbili. Akifika anaangalia saa yake na kusema, "Kesho saa kumi kamili. Sitaki kusubiri mtu."

Kanisani aliimba besi, sauti nzuri, ila hakuweza kupiga makofi sawa na wengine. Kiongozi wa kwaya alimweka mstari wa nyuma na kumwomba ashike kitabu kwa mikono miwili. Hakuogopa mpira wala mtu, lakini kuku akichinjwa nyumbani kwake alikwenda kusimama nyuma ya choo mpaka aitwe. Tulipochukua kombe la wilaya, mpiga picha alimtaka asimame katikati. Akakataa. Akawaweka katikati wale watatu ambao hawakuingia uwanjani hata dakika moja, naye akasimama upande wa mpiga picha akituambia tutoe mikono mifukoni. Kwa hiyo picha nzuri kuliko zote za timu yetu haina Kocha ndani yake.

Mimi ni mwanamke, na wakati ule timu ya wasichana ilikuwa jambo la kuchekwa. Baba yangu alikuwa seremala, mtu wa kanisa, mpole, lakini kwa hilo alikataa. Kocha akaja nyumbani Jumapili baada ya ibada. Mama akaleta viazi na chai. Baba alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema, "Kocha, nakuheshimu. Lakini huyu ni msichana."

"Najua, ndugu yangu," alisema Kocha. "Nimekuja kuomba msichana. Wavulana ninao."

Baba aliangalia kikombe chake. Baadaye akauliza kama nitaumia. Kocha alisema naweza kuumia mguu, kwamba yeye mwenyewe ameshavunjika mara mbili na bado anatembea, na baba akakubali. Hakuna aliyezungumzia kichwa. Nimeirudia siku ile akilini mara nyingi, na bado nasema hivyo hivyo: hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyejua kwamba kichwa nacho kilikuwa jambo la kuulizia.

Na kichwa ndicho alichotufundisha kuliko kitu kingine chochote. Ujanani mwake alikuwa beki wa kati. Waliomwona akicheza Njombe mjini walisema golikipa wa timu pinzani akipiga mpira mrefu, mpira haukugusa ardhi. Kocha aliurudisha kwa kichwa kule kule ulikotoka. Mipira ya enzi hizo ilikuwa ya ngozi, na huku kwetu mvua ikianza haina haraka ya kwisha. Mpira ukilowa unakuwa mzito. Mwenyewe alituambia kwamba mwezi wa tatu, ukiupiga mpira ule kichwa, unausikia kwenye meno.

Kulikuwa na kisa kimoja ambacho wazee wenzake walipenda kukisimulia. Mechi ilikuwa Njombe. Kocha aliruka kuondoa kona, akaupiga mpira vizuri, akaanguka, akainuka, akacheza hadi mwisho. Timu ikapanda lori kurudi Makambako. Walipokaribia kufika, aliwageukia wenzake na kuuliza, "Hivi tumeshinda?" Walikuwa wameshinda, na goli la pili alifunga yeye. Hakukumbuka. Kila kisa hiki kiliposimuliwa watu walicheka sana, na Kocha ndiye aliyecheka zaidi ya wote.

Sisi alitufundisha kwa mpira uliotiwa kwenye wavu na kuning'inizwa kwenye mti wa karatusi pembeni mwa uwanja. Kila beki na kila mshambuliaji alipiga vichwa ishirini kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Baada ya hapo alirusha mipira yeye mwenyewe kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, akisema kwa sauti ya chini, "Usifumbe macho. Ukifumba, mpira ndio unakupiga wewe." Mimi nilikuwa beki wa kati kama yeye. Nilipiga mpaka jioni nikiinama kufunga kamba za viatu dunia inayumba kidogo, nikadhani ni njaa.

Lakini niseme ukweli wote. Hakuna kitu nilichokipenda maishani kama sekunde ile ya kuwa hewani, macho wazi, mpira unakuja, na unajua kwamba utafika kabla ya mtu mwingine yeyote. Halafu ile sauti, na sauti ya Kocha nyuma yake: "Ndiyo." Hakuwa na sifa nyingine. Alisema ndiyo, basi. Nimesoma, nimeolewa, nimezalisha wanawake wengi tu salama, na hakuna aliyewahi kuniambia ndiyo kwa namna ile.

Niliacha mpira nilipokwenda kusomea utabibu, na baadaye nikaajiriwa hospitali moja mjini Njombe. Makambako nilikwenda mara kwa mara, na Kocha nilimwona kanisani, amestaafu, mvi zimeanza, bado anashika kitabu kwa mikono miwili.

Siku moja aliletwa ofisini kwangu daktari mmoja mwanamke kutoka chuo kikuu, mtafiti wa magonjwa ya ubongo. Alikuwa mtu wa maneno machache, anavaa miwani mikubwa, na baridi ya Njombe ilikuwa imemshinda; alizungumza nami akiwa amejifunga shuka la wagonjwa mabegani. Alinieleza kwamba katika nchi nyingine kumeonekana wachezaji wa zamani wa mpira wanapatwa na maradhi ya kusahau zaidi ya watu wengine, na kwamba wataalamu wanashuku mapigo ya kichwa. Hawazungumzii lile pigo la kuzimia peke yake. Wanazungumzia yale madogo madogo, yanayorudiwa miaka na miaka, ambayo mtu hata hayasikii. Huku kwetu hakuna aliyechunguza. Alitaka wachezaji wa zamani, hasa mabeki na washambuliaji, na watu wa rika lao ambao hawakucheza, awapime kumbukumbu na kuwafuatilia. Alitaka mtu anayewajua na anayejua Kibena.

"Unamjua yeyote aliyepiga vichwa kwa muda mrefu?" aliniuliza.

Nilimwambia namjua mmoja. Nilisema kwa fahari kabisa, kama mtu anayetaja mchezaji bora wa timu yake.

Nilipompigia simu mkewe kueleza, aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Ungejua, mwanangu, ungepiga mapema." Akanisimulia kwamba wiki mbili kabla, mchana kweupe, Kocha alitoka kwenda kununua sukari na hakurudi. Walimkuta mbali nje ya mji, kwenye reli, anatembea juu ya mataruma na jiwe mkononi, anagonga chuma na kusikiliza. Alipoitwa alikasirika kwa kukatizwa kazi. Alikuwa ameshastaafu miaka sita kabla.

Walikuja Njombe kwa basi, yeye amevaa suti na sweta juu ya suti. Daktari alimsomea maneno kumi na kumwomba ayarudie baada ya muda. Alirudia manne. Alipewa penseli achore saa. Akachora duara zuri, akaweka namba zote upande mmoja. Akamwangalia daktari na kusema kwa upole, "Binti, hiki Kiswahili nimejifunzia shuleni. Niulize kwa Kibena." Daktari alinigeukia. Nikatafsiri maneno mengine kumi, na kwa Kibena alikumbuka sita. Alifurahi kama aliyesawazisha goli. Daktari naye aliandika maelezo marefu pembeni ya karatasi, na tangu siku hiyo wote waliokua wakizungumza Kibena walipimwa kwa Kibena.

Kwenye dodoso kulikuwa na swali kama mshiriki amewahi kupigwa kichwani uwanjani akapoteza kumbukumbu. Kocha alisema hapana. Ikabidi niseme mimi. Nikasimulia kile kisa cha lori, chote, hadi pale anapouliza kama wameshinda. Nilikuwa nimekisikia mara hamsini, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukisikia bila mtu kucheka.

Kocha aliiweka penseli mezani. Akauliza, "Daktari, ni mpira?"

Daktari hakumdanganya. Alisema, "Mzee wangu, sijui. Kuna dalili kwamba kupiga vichwa kunaongeza hatari. Lakini kuna waliopiga maisha yao yote na hawakupata shida, na kuna ambao hawakuwahi kugusa mpira na wamesahau watoto wao. Kwako wewe peke yako siwezi kusema ni mpira. Ndiyo maana tunachunguza."

"Na wanaofundishwa wakiwa wadogo?"

"Hilo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Baadhi ya nchi zimeshawazuia watoto wadogo kupiga vichwa mazoezini."

Kocha alimgeukia mkewe. "Nimefundisha watoto wangapi?" Mkewe alisema hajui. "Nami sijui," alisema Kocha, na ndipo nilipoona hofu usoni mwake kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Maradhi yake mwenyewe yalikuwa hayajamtisha hivyo.

Wiki hiyo hiyo alinipigia simu akaniambia anahitaji msaada wangu Jumamosi. Nilipofika Makambako nilimkuta na daftari la shule. Alikuwa ameanza kuandika majina ya wote aliowafundisha kupiga kichwa. Alikuwa na haraka, alisema, kwa sababu majina yalikuwa yanaondoka. Alitaka kumfikia kila mmoja akiwa bado anamjua ni nani. Tulikaa siku nzima, yeye, mimi na mkewe. Alikumbuka nafasi ya mtu uwanjani kabla ya jina lake. "Yule beki wa kulia aliyekuwa na kigugumizi," anasema, na mkewe anatoa jina. Daktari aliposikia aliomba nakala, kwa ridhaa ya kila mwenye jina, maana orodha kama ile asingeipata popote.

Kwa miezi kadhaa Jumamosi zangu zikawa hizo. Tulizunguka Makambako kwa bajaji na kwa miguu, tukaenda Njombe, tukaenda vijijini. Golikipa mmoja aliyehamia Manda tulimpigia simu, na mawimbi ya ziwa yalisikika nyuma yake. Kila alipofika Kocha alivua kofia na kusema maneno yale yale, akiwa amesimama, hata akikaribishwa kiti.

"Nilikufundisha kupiga kichwa. Nilidhani nakupa kitu kizuri. Sasa wataalamu wanachunguza kama kinadhuru ubongo, na bado hawajajua yote. Nenda ukapimwe. Na watoto wako wakiwa wadogo wasipige. Nisamehe."

Wengine walicheka na kumwambia aketi anywe chai. Mmoja, mwenye duka la vipuri, alikasirika. Alisema Kocha anamtia mkosi, kwamba yeye ni mzima, na kwamba wazungu hawaishi kutafuta cha kuogopa. Kocha alimsikiliza, akamwambia, "Sawa. Lakini nenda ukapimwe," akaweka alama kwenye daftari.

Huko Matembwe tulimkuta mshambuliaji wetu wa zamani kwenye mashine ya kupasulia mbao, ametapakaa unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Alizima mashine, akasikiliza hotuba yote. Akasema, "Kocha, mimi darasani nilikuwa wa mwisho. Nyumbani nilikuwa wa saba. Mahali pekee nilipokuwa mtu ni hewani, kwenye kona zako. Unaniomba msamaha wa nini?" Kocha alimsogelea. Alimkung'uta unga mabegani, taratibu, bega moja kisha la pili, na tukarudi.

Nahodha wetu wa kiume anakaa Njombe, mtaa wa juu. Ni mdogo kwa Kocha kwa zaidi ya miaka ishirini. Mkewe alitutokea mlangoni na kusema hajui kama ni busara tuingie. Mumewe amebadilika, alisema. Anafoka kwa kitu kidogo, anatupa vyombo, kisha anakaa analia. Tulimkuta ameketi uani akiangalia ukuta. Alipomwona Kocha alisimama wima, mikono ubavuni, kama mazoezini. Kocha alianza maneno yake, "Nilikufundisha," akashindwa kuendelea. Alimshika yule mwanamume mkubwa kichwa kwa mikono yake miwili na kukiegemeza kifuani kwake. Walikaa hivyo muda mrefu. Nami nilisimama pale na karatasi zangu za ridhaa nikitazama chini, na siku ile sikumwandikisha mtu.

Kwenye bajaji tukirudi nilimwambia kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyejua.

"Sisemi nilijua," alisema. "Nasema mikono iliyorusha ile mipira ni hii."

Mimi alinifanya wa mwisho. Tulikuwa tumekaa kwake, daftari limejaa alama, nikadhani tumemaliza. Akasimama, akavua kofia, akaanza: "Nilikufundisha kupiga kichwa." Sikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumkatiza, nikaona si haki, nikasimama nami. Alipofika "nisamehe" nilimwambia nimemsamehe, kwa sababu niliona hilo ndilo analohitaji kulisikia, ingawa ndani yangu sikuona kosa lolote la kusamehe. Nilipimwa juma lile. Matokeo yangu ni mazuri. Lakini siku nikipoteza funguo, au nikisimama katikati ya wodi nikiwa nimesahau nilichofuata, huwa nasimama kidogo zaidi ya mtu mwingine.

Halafu kulikuwa na suala la uwanja. Kocha mpya alikuwa kijana mzuri, mwenye cheti na filimbi, na ule mpira wa kwenye wavu alikuwa ameurithi na kuuthamini. Kocha alikwenda kumwomba auondoe kwa watoto wa chini ya miaka kumi na miwili.

"Lakini, mzee wangu," alisema kijana, "mpira bila kichwa ni mpira gani?"

"Wa miguu," alisema Kocha. "Jina lake lenyewe ni mpira wa miguu."

Wazazi waliokuwa pembeni walicheka, na kijana naye alicheka, lakini hakuondoa. Kocha akawa anakwenda kila siku saa kumi. Hakugombana na mtu. Alisimama tu chini ya ule mpira, na mtoto akija kupiga, alimsalimu, akamuuliza habari za nyumbani, za shule, za mbuzi, hadi muda wa mazoezi ukaisha. Kwa wiki tatu hakuna mtoto aliyepiga kichwa. Wiki ya nne kijana alipanda mwenyewe juu ya mti na kukata kamba.

Hilo lilikuwa jambo la mwisho alilolifanya akiwa na akili timamu, na mara nyingi najiambia kwamba lilitosha. Baada ya hapo alianza kusahau ni nani ameshatembelewa. Alitoroka nyumbani na daftari, akarudia nyumba zile zile. Huko Matembwe alifikishwa mara tatu, kila mara na dereva mwema aliyemkuta barabarani. Yule mpasua mbao aliniambia kwamba kila mara alizima mashine, akasikiliza hotuba yote tangu mwanzo, na akajibu yale yale aliyojibu mara ya kwanza. "Ningefanyaje?" aliniambia. "Kwake ilikuwa mpya." Walimpeleka hospitali ya Ikonda kupigwa picha za kichwa, wakapewa dawa za kumtuliza. Ubongo ulikuwa unasinyaa. Hayo wala hayakuhitaji picha.

Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia, ilikuwa kazi. Miaka miwili ilikuwa imepita, na utafiti unataka kila mshiriki apimwe tena. Nilikwenda asubuhi ya Jumatano, begi begani. Mkewe alikuwa amemkalisha nje upande wenye jua, mbele ya beseni la maharage mabichi. Alikuwa anayamenya vizuri sana, moja moja, bila kukosea. Amekonda. Shingo ile nene ilikuwa imepwaya ndani ya kola.

"Shikamoo, Kocha," nilisema.

"Marahaba." Alinitazama kwa adabu anayotazamwa nayo mgeni. "Karibu. Kiti kile pale."

Kwa kuwa hakuweza tena kuelewa fomu, ridhaa ilibidi itolewe na mkewe. Nilimweleza kwamba anaweza kukataa na hakuna atakayemlaumu. Yule mama alifuta mikono kwenye khanga, akasoma karatasi yote, ukurasa kwa ukurasa. Akasema, "Alitaka wajue. Mpime." Akatia sahihi.

Nikaanza. Kwa Kibena, neno kwa neno: nyumba, mvua, jembe, na mengine. Aliyarudia baada yangu kwa sauti nzuri ile ya besi. Nilipomuuliza baada ya dakika chache, aliangalia beseni, akasema, "Maharage." Maharage hayakuwamo. Niliandika sifuri. Niliandika sifuri pia kwenye mwezi, mwaka na mji. Kuna nafasi ya maoni ya mpimaji chini ya karatasi, mstari mmoja tu. Mama alikuwa anaangalia kalamu yangu. "Andika kwamba amekula vizuri leo," alisema. "Na ameimba." Niliandika hayo.

Nikafunga karatasi, nikavuta kiti, nikaanza kumenya maharage pamoja naye. Ndipo alipoanza kuzungumza mwenyewe.

"Wewe unatokea wapi?"

"Njombe, Kocha."

"Njombe kuna baridi." Alimenya moja, akaliweka. "Nina binti yangu huko. Wa kuwazaa wametawanyika, huyu ni wa mpira. Anafanya kazi hospitali."

Mama aliinua uso. Nilimtikisia kichwa asiseme kitu. "Anaitwa nani?" nilimuuliza.

Alifikiri. Niliona anavyolitafuta, midomo ikijaribu, na sikuweza kumsaidia, kwa sababu nilitaka alipate mwenyewe. Hakulipata. "Ni binti mzuri," alisema. "Alikuwa anakuja hapa. Ukimwona mwambie aje."

"Nitamwambia."

"Ila ana kazi nyingi yule. Akija anaandika, anaandika." Alinyoosha kidole kwenye begi langu bila hasira yoyote. "Mwambie aje hivi hivi tu. Asije na karatasi. Tukae."

Nilimwambia nitamfikishia. Nilikaa mpaka beseni likaisha, nikaaga, nikatembea hadi stendi, na kwenye basi, njia yote hadi Njombe, nilishika begi lile mapajani bila kulifungua.

Jumamosi nilirudi mikono mitupu. Alikuwa kwenye kile kiti, upande wa jua. Nilimsalimu, akaitikia, akanitazama kwa adabu ile ile na kuniuliza ninatokea wapi. Nikasema Njombe.

"Umeniletea habari za binti yangu?"

"Anakuja," nilimwambia. "Leo hana kazi." Nikavuta kiti, tukakaa.